Fundi wa marehemu baba ananihujumu, nimwondoe?

BARUA

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mama wa mtoto mmoja. Nimesomea uhasibu, lakini tangu baba afariki mwaka juzi mimi ndiye ninayesimamia karakana yake ya useremala hapa Keko, Dar es Salaam. Nilipoichukua ilikuwa na mafundi tisa, wote wanaume, wengine walianza na baba nikiwa bado shule ya msingi. Kazi yetu ilikuwa vitanda na makabati ya mninga. Wateja wa vitu hivyo wamepungua. Mninga umepanda bei, na vijana wanaojenga Goba na Kigamboni wanataka makabati ya jikoni ya MDF, zile mbao za kiwandani za unga wa mbao na gundi, meupe, yanayofungwa kwa siku mbili. Siwalaumu, hata jikoni kwangu nimeweka hayo hayo.

Basi mwezi wa tatu nilikopa, nikanunua msumeno mkubwa wa meza wa kukatia MDF na mashine ya kubandika eji, ule utepe wa kufunika kingo za ubao. Nikaajiri na vijana wawili waliotoka chuo cha ufundi cha VETA: binti wa miaka 22, na kijana mmoja bubu ambaye mkono wake ni mzuri ajabu. Nilifurahi, nikajiona nafanya kitu ambacho baba asingethubutu. Yote niliwatangazia mapema kwenye grupu letu la WhatsApp: mashine inafika lini, nani atakaa wapi, na kwamba vipimo sasa ni vya milimita na michoro inatoka kwenye kompyuta. Hakuna aliyepinga.

Tatizo ni fundi mkuu, nitamwita Babu. Amefanya kazi hapa karakana miaka 22. Jeneza la baba alilitengeneza yeye, akakataa nisimlipe hata mia. Lakini siku mashine inashushwa kwenye lori alisimama mlangoni akauliza, mbele ya watu, "Hii nayo ya nani?" Tangu siku hiyo amenuna. Ilibidi nilitoe benchi lake, nikaliweka nje chini ya mabati, kwa kuwa msumeno unahitaji nafasi ya kuzungusha ubao mzima. Hakusema neno. Alizifunga patasi zake kwenye kitambaa, na sasa kila jioni anakwenda nazo nyumbani. Zamani zilikuwa zinalala karakana.

Malipo yetu ni ya pisi, yaani kwa kila kitu fundi anachomaliza. Kabati la milango mitatu fundi alikuwa anapata shilingi 120,000 za ufundi. Sasa kukata kunafanywa na mashine, kwa hiyo nimeshusha hadi 70,000. Nadhani ni haki, maana kazi imepungua.

Binti hapewi kitu cha kushika. Akisogea karibu na Babu anatumwa maji, anatumwa chai, anapewa fagio. Wengine wanacheka. Yeye mwenyewe halalamiki, ila ameanza kuchelewa, na kila akitaka kujisaidia anakwenda kwa mama ntilie wa jirani anapotea nusu saa. Nimemkanya.

Halafu wiki mbili zilizopita yule kijana alikuwa anatoa vumbi chini ya msumeno, fundi mmoja akaja akauwasha. Anaapa kwamba alipiga kelele "Toka!" kwanza. Mungu mkubwa, kijana alikuwa ameshautoa mkono.

Lililonifikisha kwako ni kazi ya Goba. Makabati matano ya sentimeta 60 kila moja, kwenye mstari mmoja, ukuta wa mita tatu kamili. Vijana walikata mbavu, zile mbao za pembeni, na milango kwa mashine, Babu nikampa vitako, yaani mbao za chini, na rafu za ndani akate na kuunga. Siku ya kufunga, milango ikawa inasuguana, na kule mwisho ukutani likabaki pengo la kuingiza kidole. Mteja amegoma kulipa salio. Vijana wanaonyesha mchoro, walikata kama ulivyo. Babu nilipomuuliza akasema, "Nimepiga kama ninavyopiga siku zote," akaondoka. Kaka yangu yuko Mwanza, anasema hiyo ni hujuma ya wazi, na kwa kuwa wazee hawa hawana mkataba niwaambie tu Jumatatu wasije, nianze upya na vijana. Nilitaka kuzungumza na Babu Jumapili, nikampigia, kile kitochi chake kikawa hakipatikani, na sikutaka kwenda kwake.

Mjomba, nimwondoe? Na kama siyo, nifanye nini? Silali.

Binti Seremala, Keko

JIBU

Marahaba, mpwa wangu. Pole kwa msiba, na pole kwa deni.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu na karatasi, kwa sababu ya yale makabati ya Goba. Nianzie hapo, maana hapo ndipo mmemhukumu mtu.

MDF ya makabati kwa kawaida ina unene wa milimita 18. Mchoro wa kompyuta unalijua hilo: kabati la milimita 600, ukitoa mbavu mbili za 18, kitako kinabaki 564. Sasa muulize Babu ubao ule una unene gani. Fundi aliyekulia kwenye futi na inchi atakujibu bila kuinua macho: robo tatu. Na robo tatu ya inchi ni milimita 19.05. Akitoa mbili za hizo, kitako anakikata 561.9. Kabati likishaungwa linakuwa limepungua milimita mbili na nukta moja, kiasi ambacho jicho halikioni na mkono haukihisi. Panga makabati matano, upungufu unafika milimita 10.5. Lile pengo lako la kidole ndilo hilo. Na milango iliyokatwa kwa ajili ya masanduku ya 600, ukiipandisha kwenye masanduku yaliyosinyaa, itaacha kusuguana vipi?

Sijafika kwako, naweza kuwa nimekosea. Chukua futi kamba, pima kitako kimoja. Kikisoma 562, basi Babu alisema kweli tupu: alipiga kama anavyopiga siku zote. Mhujumu hakosei kwa kiasi kilekile mara tano mfululizo. Hapo karakana yako ina vipimo viwili ndani ya kabati moja, na aliyeruhusu hivyo ni wewe, uliyegawa kazi nusu kwa mchoro na nusu kwa mazoea.

Najua utasema, "Lakini niliwaambia vipimo ni milimita." Uliwaambia wapi? Kwenye grupu. Na mwishoni mwa barua, bila kukusudia, unanieleza kwamba Babu ana kitochi. Tangu lini kitochi kikaingia WhatsApp, mama? Saidia fundi wako mdogo kuliko wote alijua kwamba kuna mashine inakuja. Aliyeendesha lori alijua. Mtu aliyefanya kazi miaka 22 ndani ya ile karakana ndiye aliyeiona kwa mara ya kwanza ikiwa juu ya mabega ya wapagazi. Alipouliza "Hii nayo ya nani?" wewe ulisikia kejeli. Mimi nasikia swali, tena la mtu aliyeaibika mbele ya vijana wake. Na pale unapoandika kwamba hakuna aliyepinga, fikiria tena. Ujumbe wa bosi usiku kwenye simu, nani atajibu "sikubali"?

Haya nayajua kwa sababu niliwahi kuyafanya, na mabaya zaidi. Nilikuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji. Mpanga herufi wangu alikuwa mzee mmoja aliyepanga maneno kwa herufi za madini ya risasi, moja moja, akiyasoma kinyumenyume haraka kuliko wewe unavyosoma gazeti. Mwaka 1994 nikaleta kompyuta mbili, nikawakalisha vijana wawili wa kidato cha nne. Yule mzee sikumwambia kitu. Nilidhani kumnyamazia ndiyo heshima. Wiki tatu mfululizo alikuja asubuhi, akakaa anafuta vumbi kwenye visanduku vya herufi ambazo hakuna aliyekuwa anazigusa. Wiki ya nne hakuja. Nikasikia anauza mkaa. Mwezi wa kumi na moja tukachapa kalenda 3,000 za mteja zenye Juni ya siku 31. Vijana walikuwa wepesi wa kuchapa, lakini kusoma kilichochapwa hawakufundishwa na mtu. Mzee angeliona kosa lile akiwa bado mlangoni anavua kofia. Nilimfuata. Alinikaribisha vizuri, akanipa na chai, akakataa kurudi.

Kwako Babu bado anakuja. Anakwenda na patasi zake jioni, ndiyo, na hiyo ndiyo alama inayonitia wasiwasi kuliko ile kununa. Fundi anayelala na vifaa vyake nyumbani ameshaanza kuhama. Una siku chache.

Sasa tuzungumze pesa, maana wewe ni mhasibu na hapa sikusamehi. Unasema kushusha kutoka 120,000 hadi 70,000 ni haki kwa kuwa kazi imepungua. Imepungua kwa nani? Tuseme zamani Babu alimaliza makabati mawili kwa wiki, anaondoka na 240,000. Hata akifikisha matatu sasa, anapata 210,000. Na nina shaka kama anafikisha matatu, kwa sababu zamani alikata mwenyewe saa aliyotaka, siku hizi anasubiri foleni ya msumeno unaoendeshwa na vijana. Akibaki kwenye mawili ni 140,000. Mashine uliyoinunua ili karakana ipone imemkata yeye 100,000 kila wiki, na hakuna aliyekaa naye kumweleza. Ungekuwa wewe, ungeipenda?

Daftari la pisi la marehemu bila shaka lipo. Lifungue, chukua wastani wa kila fundi kwa miezi sita kabla ya mashine, na kwa miezi mitatu ijayo kila mmoja umhakikishie asishuke chini ya wastani huo wakati mnajifunza. Itakuuma. Iweke kwenye gharama za mashine, kama ulivyoweka usafiri na fundi umeme. Baada ya hapo mkae mpange bei mpya ya pisi pamoja, kwa kupima muda halisi wa kila hatua. Siku ambazo mtu anafundisha au anafundishwa zilipwe kama siku za kazi, vinginevyo hakuna atakayejifunza. Mtu wa pisi kila dakika anayosimama kusikiliza ni ugali unaopungua.

Na kaka yako umwambie polepole. Kwamba hawana karatasi haina maana kwamba si waajiriwa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa kama lipo hata moja kati ya mambo kadhaa: saa zake zinapangwa na mwingine, anapewa vifaa, anategemea kipato kutoka kwa mtu huyohuyo, au amemfanyia kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Babu anayo karibu yote. Kumpunguza mtu kwa sababu ya mashine kunaruhusiwa, lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo ya 2004, inakutaka utoe taarifa ya kusudio lako kabla, ueleze sababu, na mjadiliane njia za kuepusha hilo, nani aondoke kwa kigezo gani, na malipo. Kiinua mgongo cha kisheria ni angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Maana yake miaka 12 ya Babu haihesabiki hata kidogo, jambo ambalo mimi binafsi naliona ni chungu, lakini ndivyo ilivyoandikwa. Ukimwambia "Jumatatu usije", ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mimi ningemwambia aende.

Hilo la sheria nimelitaja ili ulale. Halitakurudishia Babu, na wala hutaki kumpoteza, ungekuwa unataka usingeniandikia habari za jeneza.

Nenda kwake. Unasema hukutaka kwenda. Nenda, wala usipige simu kwanza. Usiende na kaka. Beba sukari kilo mbili na kile kitako cha Goba. Mtu aliyemtengenezea baba yako jeneza bila malipo humwiti ofisini kumhoji, wewe ndiye unayevua viatu mlangoni kwake. Mwambie ulipaswa kumwambia habari za mashine kabla ya mtu yeyote. Hapo unyamaze, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Usianze kujitetea kwa mkopo na wateja wa Goba. Baadaye, akishasema ya kwake, kipimeni kitako hicho pamoja kwa futi kamba. Nadhani atacheka. Mafundi wa kweli huwa wanapenda kosa lililopatikana.

Kama anaweza kusoma mchoro au hawezi, sijui, na usimuulize mbele ya watu. Futi kamba nyingi zina inchi upande mmoja na milimita upande wa pili, kwa hiyo kuhama si safari ndefu. Yule binti wa VETA anaweza kukaa naye asubuhi moja kwenye mchoro, halafu yeye amfundishe kuunga kwa ulimi na tundu na kunoa patasi, vitu ambavyo kwa miezi michache ya darasani mtu anavionja tu. Hapo kila mmoja ana kitu mkononi ambacho mwenzake anakihitaji. Mpe Babu kazi ya kukagua kila kabati kabla halijatoka mlangoni, na uilipie. Cheo bila pesa ni kofia tu.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wengi wa Keko hawajaambiwa. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa vitendo, anaelekezwa pale penye upungufu, anapewa cheti. Maseremala wamekuwamo. Mlipie. Miaka 22 ya kazi bila karatasi hata moja, halafu anaona vijana wawili wanaingia na vyeti vya plastiki wanapewa msumeno, unafikiri hilo halimkwaruzi?

Sasa huyo kijana. Kwanza acha kumwita bubu. Ni kiziwi, na anasema, ila kwa Lugha ya Alama ya Tanzania, ambayo wewe na mafundi wako hamuijui. Mabubu kwake ni ninyi. Na usidhani ujumbe wa maandishi unamtosha. Kwa viziwi wengi Kiswahili cha kuandika ni lugha ya pili. Waulize CHAVITA, chama cha viziwi, wakutafutie mkalimani wa kikao cha kwanza na mtu wa kuwafundisha alama za kazini: simama, washa, zima, hatari, kata tena, chai. Mjifunze wote, wewe ukiwa mbele. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Ninyi hamfiki huko, kwa hiyo ulimwajiri kwa hiari yako, na ninakupongeza. Lakini umemfungulia mlango halafu ukamwacha chini ya msumeno.

Ile habari ya "nilimwambia toka" naomba isirudiwe na mtu yeyote. Hata anayesikia, mashine mbili zikiwa zinanguruma, anasikia nini? Kuanzia kesho asubuhi anayesafisha mashine anazima swichi kuu, anaifunga kwa kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwake mpaka amalize. Fundi umeme akuwekee taa nyekundu inayowaka kabla mota haijaanza kuzunguka. Tundika kioo kikubwa ukutani mkabala na msumeno ili aliyeinama aone nani yuko nyuma yake. Piga mstari wa rangi sakafuni unaoonyesha mwisho wa kusimama. Haya yote hayafiki bei ya kabati moja la Goba. Ukishamaliza, mwite kijana mwenyewe akuonyeshe mahali anapoogopa, maana anapajua kuliko mimi na wewe. Na barakoa ziwepo, kwa kila mtu. Vumbi la mbao limetambuliwa kuwa linasababisha saratani, na MDF inabeba na gundi yake humo humo.

Kuhusu binti umenichekesha na kunikasirisha. Umemkanya kwa kuchelewa chooni. Umejiuliza kwa nini anakwenda kwa mama ntilie? Nakuuliza mimi: choo cha karakana kina komeo? Kina maji? Karakana iliyokuwa ya wanaume tisa kwa miaka yote hiyo, choo chake nakijua bila kukiona. Wewe mwenyewe unakwenda wapi? Nunua komeo leo, weka ndoo yenye kifuniko, na umfute binti hilo karipio.

Halafu fagio. Hapo Babu ana kosa na sitamfunika kwa sababu ya uzee wake. Fagio liwe la zamu, likiandikwa ukutani na jina la Babu likiwemo, na la kwako pia. Vicheko navyo vikome. Sheria ya kazi inakataza ubaguzi wa jinsia, wa umri, wa ulemavu, na inahesabu unyanyasaji kuwa ubaguzi. Ukishamwendea kwa heshima, ukamrudishia kipato, ukampa kazi ya kufundisha, na bado akakataa kumpa binti patasi, mwandikie onyo kama ambavyo ungemwandikia kijana. Sidhani mtafika huko. Mara nyingi mtu anayenyang'anya wengine vifaa ni yule anayehisi vyake viko njiani kunyang'anywa.

Kikao cha watu wote kiwe asubuhi kabla mashine haijawashwa, uani, wote mmekaa, mkalimani akiwepo. Wewe sema dakika tano tu: hali ya soko, ukubwa wa deni, miezi mitatu ya wastani. Waonyeshe namba, wote. Utashangaa, wengi wanadhani bosi ana mapesa kwa sababu kanunua mashine. Kisha uliza swali moja, kitu gani kwenye mpangilio huu kinakuzuia kufanya kazi vizuri, uandike kila jibu mbele yao kwa karatasi na kalamu. Simu ibaki mfukoni. Baada ya hapo, kila Jumamosi nusu saa.

Na wewe? Katika barua nzima sijakuona hata mara moja ukiwa sakafuni. Uko ofisini, uko kwenye simu, uko kwa mteja. Sikulaumu, hesabu ndiyo fani yako, na pengine ukiwa katikati ya wanaume waliokujua ukiwa na sare ya shule unajisikia mdogo. Mwombe Babu akufundishe kunoa. Siku mbili tatu, saa ya kwanza ya asubuhi, vidole vikikatika kidogo si mbaya. Hutakuwa seremala, ila utajua kwa nini mtu anafunga patasi zake kwenye kitambaa.

Mteja wa Goba mpigie leo, mwambie kosa ni lenu na mnakwenda kurekebisha. Milango inaweza kupunguzwa kingo na kubandikwa eji upya, na lile pengo la ukutani linafunikwa kwa ubao mwembamba. Mpeleke Babu na binti wakaifanye wote wawili.

Lile benchi lirudishe ndani kabla ya Jumatatu. Pima vizuri, utakuta nafasi ya kuzungusha ubao inabaki ukiliweka pembeni mwa mlango, penye mwanga.

Mjomba